Kwa Baba Watoto na Kisponji Chake cha Kwapani

Leo umetimia mwaka tangu ulipotutoka, Baba Watoto, ukiwa na glavu mkono mmoja. Ya pili tuliitafuta nyumba nzima, hadi chini ya friji, mpaka rafiki yako mhasibu alipokuja kutupa pole akatuambia taratibu kwamba wacheza gofu huvaa moja tu. Watu wakacheka msibani. Najua ungefurahi.

Ulikuwa fundi makochi na kazi yako watu wameikalia mji mzima. Mjane akileta kochi lililobonyea, ulimwekea sponji nzito, ile ya gharama, ukamwambia ndiyo iliyokuwepo. Hukuwahi kumfukuza mteja, hata yule aliyebadilisha rangi ya kitambaa kila ukimaliza kushona.

Siku ulipoitwa kutengeneza viti vya klabu ya gofu ulikwenda fundi, ukarudi mchezaji. Walipenda kazi yako, wakakuruhusu kucheza jioni. Kupiga mbali uliweza upesi. Tatizo lilikuwa karibu na shimo. Mpira ukibaki hatua chache, mikono yako ilitetemeka kama ya mtu aliyekabidhiwa kitoto kichanga. Mpira ulikuwa unazunguka shimo bila kuingia, mhasibu akakubandika jina Mzunguko. Jina lile lilikuuma, na hapo ndipo amani ya nyumba yetu ilipokwisha.

Ulitandika kipande cha zulia la kijani koridoni, ukalaza glasi yangu ya wageni mwishoni iwe shimo. Ukakaza nyuzi mbili za kushonea makochi ili mpira ujifunze kupita katikati. Dada yangu hakujifunza, akaanguka na sinia la chai. Kioo cha kunyolea ukakiweka sakafuni ili uone kama macho yamekaa sawa juu ya mpira. Mgeni aliyekukuta umeinama unajitazama hivyo alinivuta pembeni akaniuliza ulianza lini. Mwavuli wetu ukaugeuza juu chini uani, ukawa unadondoshea mipira ndani yake. Mvua ikinyesha sisi tulilowa, mwavuli ulikuwa kazini.

Nilipolalamika ulinijibu kwa sauti ile yako ya pole. "Mama Watoto, nguvu kila mtu anazo. Kumalizia ndiyo kazi." Na kweli mipira ilianza kuingia. Mhasibu akaacha kukuita Mzunguko, akaanza kukuomba umwazime mwavuli.

Kisha kikaja kisponji. Ulikata kipande ukakibana kwapa la kushoto, ili mkono usiachane na ubavu wakati wa kupiga. Kikidondoka, umekosea. Ulikula nacho, ulipokea wateja nacho, ukasalimiana na watu kama bata aliyeumia bawa. Ndiyo maana mkono wa kushoto ulipoanza kukuuma, na kifua kikawa kinakubana ukipanda ngazi za karakana, hukushtuka. Mimi nilishtuka. Nikakusihi twende hospitali.

"Ni kisponji hiki, nimekibana mno. Nitakata chembamba."

Ukakata chembamba, maumivu yakabaki palepale. Ukakata chembamba zaidi. Mwisho ukakitupa kabisa, na mkono ukaendelea kuuma. Nikakwambia sasa basi, huna tena cha kusingizia. Ukaniambia unauma kwa kukizoea.

Jumamosi ile ulianguka kando ya zulia, fimbo ya gofu mkononi. Daktari alisema moyo ulikuwa umeomba msaada kwa muda mrefu.

Baba Watoto, nisikilize na hili. Karakana sasa anaiendesha kijana wetu, na fimbo zako amezichukua. Majuzi nilimkuta koridoni na kisponji kwapani, anajisugua mkono wa kushoto. Nikamuuliza ana nini. "Si hiki kisponji tu, mama." Nikakaa chini palepale juu ya zulia, katikati ya nyuzi zenu, nikamwambia hakuna mpira utakaopita hapa mpaka avae viatu twende hospitali. Akasema nitawachekesha majirani. Nikamwambia awaite, waje na viti. Alinizunguka, akanibembeleza, akajaribu hata kuninyanyua, lakini mwili huu unaujua. Dada yake akaleta viatu.

Walimpima. Presha iko juu na moyo umeanza kuchoka, ila tumewahi. Anameza dawa kila asubuhi nikiwa nimesimama mbele yake, na ananifunulia mdomo nione kama imepita.

Nanyi mnaosoma hapa, hasa wanaume na vijana wenye michezo yenu, chezeni. Lakini mkono wa kushoto ukiuma na kifua kikabana, msitafute sababu ndani ya nyumba. Sababu hazikosekani. Nendeni mkapimwe. Mkiambiwa mko wazima, rudini mtucheke sisi tuliowasumbua.

Unakumbukwa na mkeo, kijana wako fundi, binti yako, wakwe zako, wajukuu, shemeji yako wa sinia, na mhasibu, ambaye naye tumempeleka akapimwe.

Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu, nasi tumekusudia ziwe nyingi.