Nimo, Nimemwambia Mama Yako Habari ya Zile Tembe

Nimo, abti,

Joto la Garissa ni lile lile, na mimi ni yule yule mjomba wako, dereva ambaye kutoka Liboi mpaka Elwak hakuna shimo lisilojua gurudumu lake. Shule niliiacha darasa la nne, lakini hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe, nimekaa ndani ya lori. Nyumbani kwenu siwezi. Nikikaa pale nasikiliza ndara zako. Kutoka mlangoni mpaka jikoni ulikuwa unapumzika mara mbili: hatua, hatua, kimya, halafu hatua tena. Sasa kimya kinakuja, nami nangoja ile inayofuata.

Siku hizi watu wananisikiliza bila kunipinga. Ni adhabu, wallahi. Juzi hotelini nilisimulia vile nilivyovuka Tana na katoni ya dawa zako kichwani, mamba sita wamenizunguka, nikampiga mkubwa wao kofi. Wote wakasema, "Mashallah, mzee." Nikangoja. Wewe ungesema, "Abti, jana walikuwa wawili." Wewe uliniita abti na mimi nilikuita abti, kama sisi tunavyoitana, mjomba na mtoto wa dada, neno moja kwetu sote wawili. Pale hotelini hakuna aliyehesabu mamba wangu. Nikaacha chai ikiwa nusu, nikatoka.

Sasa sikiliza. Mdogo wako Hodan ameshikwa na ugonjwa wako. Alikuwa anabeba mtungi, akakaa chini, midomo rangi ya majivu. Nilimpeleka Nairobi kwa daktari wako yule yule. Ni ile ile presha, si hii ya kufungwa mkanda mkononi, ni ya mishipa inayopeleka damu kwenye mapafu. Imebana, na moyo unasukuma kama lori lililozama mchangani. Amepewa tembe zako. Tatu kwa siku: asubuhi, adhuhuri na usiku. Na Ramadhani inaingia wiki ijayo.

Unajua naogopa nini.

Ramadhani ile ulitaka kufunga. Ulisema watu watakuonaje, msichana mkubwa unakula mchana. Daktari hukumuuliza, sheikh hukumuuliza. Uliniuliza mimi, kwa sababu nilikuwa nimejisifu mbele yako kwamba mtu aliyebeba tani saba za dawa ni nusu daktari. Nikakwambia, "Ngamia hunywa mara moja akatembea siku kumi. Meza zote tatu kwa futari, mwili utajiwekea akiba." Wallahi nilijiona nina akili kuliko hospitali. Ukameza tatu kwa maziwa, na kikombe nilikushikia mimi.

Tende ya pili ilikuwa bado mkononi mwako. Ukasema, "Abti, nyumba inazunguka."

Nilikubeba. Hospitalini muuguzi akauliza, "Nani amekwambia uzimeze pamoja?" Ukaniangalia. Mimi, mpiga mamba, nikaangalia sakafu. Ukamwambia, "Nilisahau, dada, nikafidia." Akatufundisha sote wawili, wewe kitandani na mimi ukutani. Tembe zikiingia pamoja zinaangusha presha ya mwili mzima, na mchana ukipita bila tembe mapafu yanabana tena. Ukisahau moja, usimeze mbili kufidia. Usiache ghafla hata ukijisikia mzima. Usiongeze dawa ya mtu mwingine wala ya mitishamba bila kuuliza. Na mgonjwa ana ruhusa ya kula.

Uliyashika yote mpaka siku yako ya mwisho. Daktari ameniapia kwamba ulichukuliwa na ugonjwa, si na futari ile. Asubuhi namwamini. Jua likianza kushuka, na harufu ya sambusa ikitoka nyumba za watu, simwamini.

Na bado sijakwambia mbaya yenyewe. Nilirudi nyumbani nikasema umezimia kwa njaa. Halafu, baada ya kukuzika, mdomo huu wangu ukasimulia msibani kwamba njia yangu ya ngamia ingekufungisha mwezi mzima salama, kama si njaa ya siku ile. Nilitaka watu wajue nilikufaa kitu.

Jumatatu mama yako akaniletea chupa ya tembe za Hodan. "Walaal, ndugu yangu, ile njia uliyomfanyia Nimo, mfanyie na huyu. Anataka sana kufunga."

Abti, nimepita kwenye risasi za majambazi mara tisa. Haya, mara moja. Lakini chupa ile niliiogopa kuliko risasi. Nikamwambia yote. Kikombe, tende, sakafu ya hospitali, na uongo niliojifunika nao.

Hakupiga kelele. Alisikiliza adhana mpaka ikaisha. Kisha akasema, "Miaka miwili nimejilaumu kwamba sikukupikia futari mapema." Hakusema nami, alisema nawe. Akachukua chupa kutoka mkononi mwangu akampa Hodan. Akaniambia, "Wewe shika usukani. Dawa isiishe kabla hujaleta nyingine. Kuhesabu tembe, hapana, si kazi yako."

Hodan amekubali, sheikh naye amemwambia ale, lakini analia. Anaona aibu kula peke yake nyumba nzima ikiwa imefunga. Wewe aibu hiyo ilikupeleka kwangu. Yeye haitampeleka popote. Dawa ya mwezi mzima nimeshaileta, na safari zote za mwezi huu nimewaachia madereva wengine. Kila adhuhuri nitakaa naye mlango wazi, yeye anakula na kumeza moja yake, mimi nimefunga, na anayepita akitaka kusema, aseme na mimi. Hiyo ni ahadi, na hii sijaitia chumvi.

Nina hamu nawe, Nimo. Nina hamu ya kukatizwa. Mungu akupanulie kaburi, na huko uliko pumzi ikutoshe, uende unakotaka bila kusimama njiani.

Abti wako.