Ncha Butu ya Kioo Chako

Kaka yangu mpendwa,

Salamu kutoka maabara, ambako bado tunagombania kiti pekee kisichoyumba.

Umeandika nikurudishie kile kioo cha umbo la pia ulichonisagia, eti ncha yake ni butu. Sikurudishii ng'o! Nimeiziba hiyo ncha kwa tone la wino mweusi. Sasa mwanga unapita pembeni tu, nao umetulia.

Ahsante sana, kaka. Zamani mwanga wa mashine yetu ya kupiga picha za macho ulikutana mahali pamoja tu: tukiona vizuri uso wa jicho, ndani ni ukungu mtupu. Kioo chako kimeunyoosha kama sindano, na unene wote wa jicho, juu hadi ndani, unaonekana kwa pamoja.

Sikukwambia jicho la kwanza tulilopiga picha lilikuwa la nani. Mama alikuwa akitibiwa kidonda cha juujuu, kumbe kimezama hadi ndani. Daktari akabadilisha dawa siku hiyohiyo.

Leo asubuhi amezicheka nywele zangu, nikajua anaona. Halafu yeye, ambaye hajakutaja tangu ulipoondoka kwa hasira, akauliza: "Na huyo msaga vioo, nitamwona lini?"

Mdogo wako akushukuruye.