Nazi za Njombe, Viazi vya Lindi

Njombe,
Jumapili mchana

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Itikia kwa sauti, mama, maana salamu hii imetelemka milima mingi mpaka kufika Kitomanga. Na wewe Mariamu mwanangu, unayemsomea bibi yako, soma polepole, wala usiruke pale ninapomsema. Nakujua.

Kile kikohozi kimekuachia? Na hao wajukuu zako watatu, wanakupa nafasi ya kukaa, au umeshaanza kunilaani? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Baba Mariamu naye mzima, ila baridi ya huku inatutia adabu. Ningekupigia simu, lakini tunajuana: wewe utalia, mimi nitalia, vocha itaisha na hakuna lililosemwa. Ndiyo maana nimeandika, na barua anakuletea dereva wa lori la mbao anayeshusha mzigo Lindi mjini. Mpe maji ya kunywa, na asikae sana, ni mtu wa maneno mengi huyo.

Mama, ulinikataza nisihame kwa kuamini maneno ya simu tu. Ulisema, "Niachie watoto, nenda ukae, upike, uone kama panakalika. Ndipo uje uwachukue." Siku ile nilinuna, nikasema moyoni, mama hataki tu niende. Lakini Idi iliyopita ulikuwepo. Ulimwona baba Mariamu alipofika kutoka huku, na Athumani, kitindamimba wetu, akajificha nyuma ya khanga yangu, akamwita mjomba. Mwanaume alicheka, lakini pilau haikupita. Tangu hapo nilijua hatuwezi kuendelea hivi, yeye na sufuria lake Njombe, sisi na letu Rasbura, Lindi mjini, na mshahara wenyewe ni mmoja. Ama sote tuhamie huku, ama aache kazi ya kiwanda cha mbao arudi Lindi kubangaiza. Hilo ndilo lililonileta.

Basi nikafika, nikaenda sokoni. Mama, nilikwenda soko la Njombe na tumbo la Kitomanga! Nikauliza nazi. Nikaonyeshwa vinazi vidogo, ukitikisa hata maji husikii, na bei ya kimoja kwetu napata tatu na chenji juu. Nikauliza samaki wa bahari. Wapo, wa barafu, macho yamezama, bei utadhani wamekuja kwa ndege. Unga wa muhogo ndio kabisa, mwenye duka alinitazama kama nimeulizia dawa ya mchawi. Na mimi kwa ubishi wangu nikanunua hivyohivyo, siku baada ya siku, mbaazi za nazi, samaki wa nazi, mpaka pesa ya matumizi ikakauka mwezi haujafika popote.

Nikakaa kwenye kigoda nikapiga hesabu. Chakula peke yake kinatushinda, bado sweta za watoto, bado mablanketi, bado mkaa, maana huku jiko linawaka hata kama hupiki. Baba Mariamu aliporudi nikamwambia wazi, "Mimi narudi kwa mama. Mji huu utatuua kwa njaa na mshahara tunao." Alichukua koti lake akatoka, akakaa nje kwenye baridi ile. Chakula nikakifunika. Nililia, mama, sitakuficha. Nilijua nikirudi, ndoa yangu itabaki ya simu na sikukuu.

Kesho yake akaja jirani yetu, mama Tumaini. Ni Mbena wa hapahapa, mlokole, na sauti yake hata akikunong'oneza mtaa mzima umesikia. Akanikuta nakuna nazi, macho mekundu.

"We mama Mariamu, nani kakufanya?"

Nikammwagia yote: nazi, samaki, muhogo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na huko kwenu Lindi, viazi mviringo bei gani?" Nikamtajia. "Karoti?" Nikamtajia. "Maziwa ya ng'ombe?" Nikamtajia, nikaongeza kwamba hata kuyapata ni bahati. Akajishika kichwa.

"Yesu wangu! Sasa mnaishije huko? Si mnakufa?"

"Hatufi!" nikasema, nimeshapanda hasira. "Kwani nani anakula viazi kila siku? Sisi tunakula vya kwetu."

"Haya," akasema. "Na sisi tunakula vya kwetu."

Akanitazama, nikamtazama. Kicheko kilichotutoka, mama, kifuu kiliniponyoka mkononi kikaviringika hadi mlangoni. Kumbe muda wote huo nilikuwa najaribu kununua Lindi ndani ya soko la Njombe! Mtu mzima na akili zangu.

Akanishika mkono tukarudi sokoni naye. Maharage mapya, yanaiva upesi. Viazi vya kujaza ndoo. Kabeji moja inatulisha mpaka tunaichoka. Parachichi hatukununua, alituchumia kwao. Kwa pesa ile niliyokuwa nanunulia nazi na samaki nilirudi na kapu silinyanyui. Jioni baba Mariamu akakuta maharage ya karanga, akaniuliza, "Hii umepika wewe?" Nikamwambia ale kwanza, maswali baadaye. Alikula, akaongeza, akakwangua sufuria.

Sasa nikupe jibu la kweli kama ulivyotaka. Kodi ya huku ni nafuu kuliko Rasbura, vyumba viwili na uani wetu wenyewe. Shule iko karibu, Mariamu na mdogo wake Zuhura watakwenda kwa miguu. Maji hayajakatika tangu nije. Lakini mkaa unakula pesa, sweta lazima, na nauli ya kuja huko inauma, kwa hiyo tusidanganyane, tutakuja mara moja kwa mwaka. Maji ya udhu alfajiri nayo, astaghfirullah, hung'ata mpaka mfupani. Na nazi nitanunua Ijumaa tu, kama udi.

Najua la dini ndilo linalokukosesha raha. Msikiti upo, adhana naisikia kitandani. Na mama Tumaini alipotualika kwake, alikuja kwanza na kuku hai kwapani, akasema, "Mchinjeni wenyewe, mimi kazi yangu kupika." Hukuniambia kwamba watu wa baridi wana moyo mkavu? Hapo nakusema, mama. Ulikosea.

Basi mama, panakalika. Nimepumua. Nilikuja nimebeba jiwe kifuani, leo silioni. Shule zikifungwa nakuja kuwachukua wanangu wote watatu.

Nisalimie kaka, mwambie magunia ya korosho ayapange juu ya mbao, yasiguse sakafu. Nisalimie mama mdogo wa Miteja. Yule jirani yangu wa Rasbura aliyenihifadhia vyombo, mwambie kinu na mbuzi ya nazi nampa moja kwa moja. Mwalimu wa madrasa wa Mariamu, mpe shikamoo yangu na umwombe dua.

Najua unajiuliza, wakiondoka hawa, wewe utabaki na nani nyumba nzima. Na mimi nimejiuliza hivyohivyo, usiku na mchana. Jana baba Mariamu ameleta vitanda, amevitengeneza mwenyewe kwa mbao za mabaki walizompa kiwandani. Nikahesabu, vinne. Nikamwambia, "Watoto ni watatu, umesahau?" Akainamisha uso, unajua anavyokuonea haya mkwewe. Hicho cha nne kina miguu mirefu kuliko vingine, na amekiweka upande wa ukuta wa jikoni, penye joto. Nikamuuliza mbona kirefu. Akasema, "Idi nilimwona mama anashika ukuta kila akiinuka kitandani. Hiki ataweka miguu chini, asimame tu."

Usinijibu mambo ya mikorosho, mama, kaka yupo. Panda basi na wajukuu zako. Na kama kitanda hicho utakikataa, kikatae ukiwa umekilalia.

Mwanao,
Somoe