Mkwe Tuliyemwita Mdenmaki

Jumamosi, Bawshar, Maskati. Joto tangu asubuhi, na vumbi limeificha milima yote. Mgeni ameondoka alasiri hii. Nimeviosha vikombe vya kahawa mara mbili.

Mwanangu Salim anafanya kazi Copenhagen. Huko amekutana na Katrin, anataka kumuoa. Baba yake Katrin amesafiri kuja kutuona kabla hajatoa baraka zake. Leo tulimwalika chakula cha mchana, na leo hiyohiyo tumeharibu.

Tumeharibu sisi, si yeye.

Katrin na baba yake ni watu wa Aislandi. Salim ametueleza hadi amechoka. Lakini kwa mume wangu, anayetoka Copenhagen ni Mdenmaki, basi. Mgeni alipoingia alijitambulisha vizuri: Einar, mtoto wa Jon. Mume wangu akamshika mkono, akamtembeza kwa ndugu zake wote. "Huyu mkwe wetu, Mdenmaki." Einar akasema kwa upole kwamba yeye ni wa Aislandi. Mume wangu akacheka.

"Si mamoja? Si mlikuwa na mfalme mmoja?"

Einar akapokea kikombe cha kahawa. Tukazidi kummiminia kahawa, maana hakuna aliyemfundisha kutikisa kikombe mtu akitosheka. Alikunywa kila kilichomiminwa, kwa adabu, uso ameukunja. Nilitamani ardhi inimeze.

Na sisi ndio wa kumfanyia mtu hivyo? Baba yangu Unguja aliitwa Mwarabu. Mimi hapa Maskati naitwa Mzinjibari, na wanaoniita hivyo hucheka vilevile.

Mama yangu, ambaye tangu mwanzo hakutaka kusikia habari za mkwe wa kigeni, akaniita karibu. "Hebu muulize, mwanangu. Wao na Wadenmaki waliachana vyema?"

Nikatafsiri. Einar akaeleza taratibu. Walitawaliwa na Denmark karne nyingi, wakajipatia mamlaka kidogo kidogo, mwishowe wakatangaza jamhuri wakati Denmark yenyewe imekaliwa na Wajerumani. Wadenmaki wengi iliwauma. Hata hivyo mfalme wao aliwatumia salamu za pongezi. Miaka mingi baadaye Wadenmaki wakaanza kuwarudishia vitabu vyao vya kale, na watu wakajaa bandarini kuvipokea.

"Salamu?" Mama akauliza. "Na vitabu wakarejesha?"

Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Yeye alitoka Unguja wakati wa Mapinduzi na nguo alizovaa, na hakuna aliyemuaga. Hilo sikulitafsiri. Nadhani Einar aliliona.

Aliondoka bila kusema ndiyo wala la.

Sasa hivi Salim ameniandikia: mzee atapita kesho akielekea uwanja wa ndege, anataka kumuaga bibi, yaani Mama. Bibi tu? Nimeusoma ujumbe huo tena na tena. Naogopa mwanangu atakosa mke kwa sababu ya neno letu moja, na naogopa kumuuliza Salim maana yake nini.

Nimemwambia mume wangu, kesho neno Denmark lisikutoke mdomoni. Maskini, naye amejiinamia tangu mgeni aondoke.

"Basi nimwiteje?"

Mama akasema kutoka chumbani kwake, "Einar bin Jon. Si kashajitaja mwenyewe, kama nyinyi mnavyojitaja?"