Sauti ya Kushikia Nafasi

Jumapili, 3 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo, na mgongo unasemaje? Mimi mzima, nimerudi kazini salama, ila bado nanuka makoti yako. Kila nikimsimulia fundi sauti kwamba tulirekodi tumejifungia kabatini, mzee wa miaka sitini na tatu na binti yake, anavunjika mbavu. Lakini amekiri sauti ni safi, haina mwangwi hata kidogo.

Nikueleze tena, maana siku ile ulikuwa unacheka tu. Kwenye katuni sauti hutangulia. Mimi naisikiliza, kisha nachora mdomo kwa mkono juu ya kioo cha kompyuta, herufi kwa herufi. Wewe ni yule mlinzi wa geti ambaye binti yake amerudi baada ya miaka kumi. Sauti yako ni ya kushikia nafasi tu, mpaka mwigizaji apatikane.

Kwenye flashi hii nimekuwekea zawadi. Kila ulipokwama kwenye neno nimekata na kuunganisha. Sikiliza mwenyewe.

Mwanao,
Nyau

Ijumaa, 15 Februari

Nyau wangu,

Marahaba. Mgongo upo, tunavumiliana.

Nimeisikiliza flashi kwenye redio ya kazini, brashi mkononi, nikaharibu bango la watu: nimeandika "kinyozi" kwa z mbili. Mwanangu, mle ndani kuna mtu anasema "Binti yangu, mbona umechelewa" moja kwa moja, kama maji ya bomba. Na mtu huyo ni mimi. Unajua nilivyoacha kupokea simu, na kwa nini tunaandikiana barua kama watu wa zamani: kwenye karatasi hakuna herufi inayonishinda. Hata hilo la Nyau nilikupa kwa sababu jina alilochagua mama yako linaanza na B. Sasa kila mteja akija namwekea aisikie. Kinyozi ameisikia mara mbili, na zile z zake amezisamehe.

Nina ombi. Mwambie bosi wako asitafute mwigizaji. Aniweke mimi, huyo huyo wa kwenye flashi. Nisikike mara moja nikisema kama watu, basi.

Baba yako

Jumamosi, 9 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi afya ipo, raha hakuna.

Wiki tatu nimekaa na barua yako. Nilichora lile tukio lote kwa sauti niliyoikata. Mdomo umekaa sawasawa, huoni kosa, na mzee anampokea mtoto wake kama anayesoma taarifa ya habari. Mwongozaji wetu akaniuliza, "Huyu kweli alikuwa amemkumbuka?" Ndipo fundi sauti, bila kujua, akafungua rekodi nzima. Neno "binti" ulilihangaikia sekunde tisa. Chumba kizima kiliacha kazi.

Mwongozaji anataka hiyo, na kukwama kwake kote, ingawa sekunde hizo peke yake ni michoro mia na nane. La sivyo analeta mwigizaji. Niliyoikata haitaki kabisa.

Nimembishia mpaka nimechoka. Kusema ndiyo au hapana ni juu yako. Mimi nimekuwa nikikumalizia maneno tangu niko darasa la kwanza: dukani, kwa daktari, hata kwenye msiba wa mama. Rekodi nzima iko kwenye flashi hii. Isikilize ukiweza.

Mwanao,
Nyau

Alhamisi, 14 Machi

Nyau,

Sijambo.

Sijaisikiliza na sitaisikiliza. Kukwama kwangu nakujua, sihitaji flashi. Wenzangu shuleni walikuwa wakiniiga njia nzima mpaka nyumbani. Nikaacha shule kwa ajili hiyo, nikashika brashi. Leo unataka nikwame mbele ya ukumbi mzima, mdomo mkubwa kama mlango, na aliyeuchora ni mwanangu mwenyewe. Walete mwigizaji wao.

Baba

Jumanne, 2 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Hii ni barua ya pili bila jibu. Ya kwanza ilikuwa ya kuomba radhi, na hii pia.

Nimewaambia umekataa. Mwigizaji anakuja tarehe ishirini, na midomo yote nitaichora upya kwa sauti yake. Hakuna atakayekusikia, usiwe na wasiwasi.

Nilipokuwa nakata zile sehemu nilidhani nakusaidia, kama nilivyodhani dukani. Nimejiuliza sana kama ulikuwa msaada au ni aibu niliyokuwa naona mimi. Ilikuwa aibu, baba. Nisamehe. Niandikie hata mstari mmoja nijue unakula.

Mwanao,
Nyau

Jumamosi, 13 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nakula.

Shangazi yako alikuja Jumatano. Nikamwekea ile iliyokatwa, nikakaa kusubiri sifa. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sauti nzuri. Ni ya nani?" Dada yangu wa tumbo moja, aliyenibeba mgongoni. Nikamwambia ni ya mtangazaji fulani.

Alipoondoka nikaweka ile nzima, kidole kwenye kitufe, tayari kuzima. Nikajisikia b, b, b, kama pikipiki inayokataa kuwaka. Halafu nikasikia kitu ambacho hukunitajia. Nyuma yangu unavuta pumzi, unataka kunimalizia, kisha unaiachia polepole. Labda ni kwa sababu mashine ilikuwa inarekodi. Sijali. Tangu mama yako aondoke hakuna aliyenisubiri kiasi kile, na neno likatoka, nikalisema mwenyewe. Nililia, nikuambie ukweli, na mteja alikuwa mlangoni.

Huyo mwigizaji mrudishieni nauli yake. Watakaocheka wacheke, lakini mle ukumbini hakuna wa kunimalizia, itabidi wasubiri na wao. Najua ni michoro mingi na macho yako yanachoka. Usinipunguzie hata mmoja. Wewe chora tu, nitafika.

Baba yako