Barua Nzima ya Mama Kifungu

Mwaka mmoja umetimia, Mama, tangu ulipoinamia cherehani yako, wenzako wakidhani unatunga uzi, kumbe umeshatuacha.

Kiwandani walikuita Mama Kifungu kwa kunukuu vifungu vya sheria ya kazi, na nyumbani hatukupona. Mtu akikwepa kuosha vyombo, ulimuuliza kwa upole, "Kifungu cha ngapi kinakuruhusu?" Siku hizi vyombo vinalala vichafu na hakuna anayeuliza.

Ulishona kola miaka kumi na minne ukiwa kibarua, na vibarua wenzako wakakuchagua uwasemee. Chuo kilipofungua shahada ya uzamili ya masomo ya kazi kwa watu wa vyama vya wafanyakazi, kilikupokea kwa uzoefu wako. Tulijivuna mpaka tukawakera majirani. Uliandika tasnifu yako nyuma ya karatasi za kukatia nguo, na hata leo tukifungua droo tunakuta nusu ya hoja yako kwenye umbo la mkono wa shati.

Mwalimu wako alitaka uandike "mfanyakazi wa muda" badala ya "kibarua". Ukagoma. Ulimwambia, "Miaka kumi na minne, mwalimu, huo ni muda gani? Kibarua ni barua ndogo. Mimi nataka barua nzima."

Sahihi moja tu ya mwenyekiti wa chama ingekupatia ruhusa ya Jumamosi. Alisema kazi kwanza, masomo baadaye. Msimamizi naye akakuonya kwamba kibarua kitaota nyasi. Ukawa unasoma Jumamosi na kufidia zamu mbili Jumapili, hadi Jumapili moja moyo nao ukagoma. Mwenyekiti huyohuyo alisimama kwenye mazishi yako akasema chama kimepoteza nguzo. Leo anasoma kurasa zako mikutanoni bila kukutaja, na sisi tumechoka kunyamaza.

Nyasi zimeota kweli, Mama, ila ni juu yako. Kibarua alipewa mwingine Jumatatu.

Kiwanda kilituletea rambirambi. Ina nembo, mhuri na jina lako kamili, na inasema ulikuwa "mfanyakazi wetu". Ni ukurasa mzima. Ndiyo barua ya kwanza waliyowahi kuandika juu yako.

Unakumbukwa na mumeo fundi saa, binti zako wawili, mdogo wako muuguzi na vibarua wote wa mstari wa kola. Tutakukumbuka daima, na barua yao hatujaijibu.