Chakula Anachoweza Kumeza Kanisius

Jumamosi, 14 Juni

Uji. Dawa. Kumgeuza ubavu. Nimefua mashuka lakini hayakauki, ukungu umekaa Mbinga tangu alfajiri. Kanisius amemaliza nusu bakuli. Amepaliwa mara moja tu, si vibaya.

Mchana kapiga Shabani, dereva mstaafu, mtu wa Kigoma aliyehamia huku akasahau kurudi. "Shemeji, Jumamosi ijayo tunafika. Mwalimu kaniambia mwenyewe."

Mwalimu ni Kanisius, mume wangu. Kila mwaka kahawa ikianza kuchumwa, yeye, Shabani na Hyasinti hula pamoja jioni moja, nyumbani kwa mmoja wao. Zamu hii ni yetu. Nilidhani kila mtu ameelewa kwamba mwaka huu hapana, maana mwaka jana Kanisius alipata kiharusi. Kumbe kampigia Shabani wakati mimi nipo nje naanika. Sijui Shabani aliyaelewaje maneno yake.

Nimekasirika. Hata sasa ninapoandika.

Jumapili, 15 Juni

Sijaenda misa. Nani abaki naye?

Nimemuuliza anataka nini hasa. Kajibu kwa shida, neno moja moja. "Wao wale. Mimi nitakaa."

Hataki kula mbele ya watu. Siku ya harusi ya binti wa Hyasinti alipaliwa mezani, wali ukamtokea puani. Watu waligeuza nyuso. Hyasinti pia aligeuza. Walifundisha shule moja zaidi ya nusu ya maisha yao, na tangu harusi ile hajakanyaga hapa.

Nimemwambia atakula. Na wageni watakula kile anachokula yeye, chakula laini, kila mtu na bakuli lake. Kasema, "Usiwalishe uji." Kisha kageukia ukutani. Nimemwacha hivyo hivyo.

Jumanne, 17 Juni

Jirani kakaa naye kidogo, nikakimbia sokoni. Nilikuwa nimesahau sokoni kunapendeza mwezi huu. Njegere mbichi. Viazi mviringo vipya, udongo bado umeganda. Maboga. Maparachichi hadi yanawekwa chini kwenye magunia. Zamani ningefikiria kukaanga hiki na kuchoma kile. Sasa nabonyeza kila kitu kwa kidole najiuliza kama kitapondeka.

Boga kwa karanga. Viazi na njegere, vipondwe pamoja. Parachichi na maji ya pesheni mwishoni. Na mbasa, yule samaki wa ziwani, nimchambue miba mwenyewe, mchuzi mzito. Kanisius anapenda mbasa kuliko nyama yoyote.

Mbasa hakuna. Mama anayeleta samaki kutoka Mbamba Bay anasema ziwa limechafuka, waliopo ni dagaa wa wiki iliyopita. Huenda nikishuka mwenyewe Ijumaa nitapata. Lami ipo siku hizi, asubuhi naenda, mchana nimerudi.

Alhamisi, 19 Juni

Nimempigia wifi Fransiska, dada yake Kanisius, yuko Matiri. Nimemwomba aje kesho, nusu siku tu, nishuke ziwani.

"Wifi, kahawa imeiva yote kwa mpigo. Nikiiacha idondoke, mwaka mzima nitaishije?"

Ni kweli. Siwezi kubishana na kahawa. Lakini hajaja tangu mvua za masika, na wakati ule kahawa haikuwa imeiva.

Akaongeza ushauri. Nichinje jogoo. Mwalimu nimpe uji wake mapema chumbani, wageni wale kama watu.

Kama watu. Nilikata simu bila kuaga.

Ijumaa, 20 Juni

Hakuna safari, hakuna samaki. Basi.

Nimejaribu njegere. Maganda yamemkwama kooni, kakohoa mpaka machozi. Nimeinamisha kidevu chake kama muuguzi alivyonifundisha, ikapita. Nimezichuja zote kwa chujio la chai. Mabega yananiuma. Boga limeteremka vizuri, akaomba tena. Hajawahi kuomba tena tangu augue.

Natamani kesho wasije. Natamani na mambo mengine, siyaandiki.

Jumamosi, 21 Juni

Wamekuja.

Shabani wa kwanza, koti zito, kelele zake zile zile. Hyasinti nyuma yake, kofia mkononi, kasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. Kaushika mkono wa kulia wa Kanisius, ambao haufanyi kazi, kisha akagundua na hakujua aufanyeje. Nikamwambia akae.

Halafu, sikutegemea, Fransiska. Kashuka kwenye bodaboda na sufuria imefungwa kwa kitenge. Jogoo wa kukaanga. Kaniambia jikoni kwamba hakutaka nyumba ya kaka yake iaibike. Kaiweka sufuria katikati ya meza mwenyewe, na kusema Shabani asiwe na wasiwasi, kachinja Mwislamu wa jirani.

Nikaleta mabakuli. Manne na la tano la Kanisius, yote sawa, kijiko kila moja. Akaona jogoo, akaona bakuli lake, akalisukuma kwa mkono wa kushoto. Hyasinti alikuwa anatazama kofia yake.

Nikasema, "Baba Edna, kula." Sauti yangu haikuwa nzuri. Kachukua kijiko.

Shabani akaanza kusimulia lori lilivyowalalia na kahawa ya watu kwenye kona ya Kitai wakati wa mvua. Kanisius kacheka. Akacheka na chakula mdomoni, akapaliwa.

Kikohozi kirefu. Uso ukawa mweusi. Boga likamwagika kidevuni, shati, meza. Nikamwinamisha, nikasubiri. Fransiska alisimama akaziba mdomo. Nilimwona Hyasinti anageuza shingo, kisha akairudisha. Aliirudisha kwa nguvu, niliona. Akachukua kitambaa chake mwenyewe, akamfuta kidevu, taratibu, akisema, "Pole. Pole, kaka. Pumua."

Ikapita.

Kanisius akakaa sawa. Akasema, tukamsikia wote, "Ndivyo ninavyokula. Kuleni."

Shabani akauliza, "Nilifika wapi? Eeh, utingo akaruka." Akaendelea na boga lake.

Hyasinti alikula mabakuli mawili. Jogoo hakuguswa mpaka Kanisius mwenyewe alipomwonyesha Shabani paja kwa kidole, ampunguzie dada yake aibu. Wakala kidogo. Parachichi lilikwisha lote.

Walipoondoka Hyasinti alinishika mkono uani. "Mama Edna, niliogopa." Sikumwambia si kitu. Nilimwambia aje Jumatano, amnyoe.

Fransiska kalala hapa. Kaosha vyombo vyote, hatujazungumza. Miguu yangu imevimba.

Jumapili, 22 Juni

Nimeamka jua limeshatoka. Nilishtuka, nikakimbilia chumbani kwa Kanisius. Fransiska yupo, ameshambadilisha shuka, vibaya, limejikunja.

Kasema, "Wifi, nionyeshe kidevu unakishikaje."

Nimemwonyesha. Kajaribu kwa maji kwanza, halafu uji. Aliogopa kuliko mgonjwa. Kanisius alimvumilia. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia huyu mwanamke, nimeyaandaa tangu masika. Sikuyasema. Labda nitayasema siku nyingine, kahawa ikiisha.

Wifi kanifukuza niende misa ya pili. Nilikwenda. Nilisinzia wakati wa mahubiri mpaka mama wa pembeni akanigusa.

Niliporudi mlango ulikuwa wazi. Nilimsikia Fransiska anamsemesha Kimatengo, lugha ya kwao, mambo ya mama yao, na yeye anajibu anavyoweza. Kijiko kinagonga bakuli. Akakohoa kidogo. Nilisubiri. Akaacha.

Sikuingia. Nilikaa kwenye ngazi ya uani, juani, mikono mapajani.